Vumbi la Asbesto Nililorudi Nalo Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijaonyeshwa hata pa kuweka mkoba, Mkuu wa Karakana alinipeleka mbele ya boila. Kilikuwa kiwanda cha korosho pale Lindi. Boila ni pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji mpaka yawe mvuke, na letu tulilichochea kwa maganda ya korosho. Mkuu alishika kipande cha kitambaa cheupe kwa koleo, akakisukuma ndani ya moto, tukasubiri. Alipokitoa kilikuwa kizima, cheupe kuliko kilivyoingia.

"Hii ni asbesto," alisema. "Inachimbwa ardhini kama jiwe, inasokotwa kama pamba. Moto hauiwezi."

Mimi nilikuwa mtoto wa wakulima wa Nyangamara, sijawahi kusikia jiwe linalofumwa. Jioni nilimsimulia mke wangu, Somoe. Alicheka, akasema wamenifanyia kiinimacho.

Kazi yangu ilikuwa kuvisha mabomba. Mvuke ukipita katika bomba tupu hupoa njiani, na mtu akiligusa anaungua, kwa hiyo bomba lilihitaji vazi. Tulimwaga unga wa asbesto kutoka kwenye magunia, tukaukoroga kwa maji ukawa kama uji mzito, tukaupaka kwa mikono, kisha tukaviringisha kitambaa juu yake. Wakati wa matengenezo tulibomoa vazi la zamani kwa nyundo, na hapo vumbi lilijaa chumba kizima. Jua likiingia dirishani lilimetameta, na nakumbuka nilisimama siku moja nikalitazama kwa sababu lilikuwa zuri. Mkuu alikuwa mtu mwangalifu. Ukisogelea moto bila glavu, alikurudisha nyumbani siku hiyo. Kuhusu vumbi hakutuonya, na sidhani kama kuna aliyewahi kumwonya yeye.

Kiwanda kilipofungwa nilipata kazi Kilwa, kwenye mradi wa maji. Huko Mhandisi wa mradi alinikabidhi msumeno. Mabomba ya wakati ule, yale ya kijivu, yalikuwa ya saruji iliyochanganywa na asbesto. Tuliyakata makavu, tukayalaza mitaroni hadi vijiji vya ndani huko upande wa Likawage. Mhandisi alikuwa akiligonga bomba kwa kidole na kutuambia kwamba litadumu kuliko sisi sote. Maji yalipotoka mara ya kwanza, wanawake walipiga vigelegele, na mimi nilijiona mtu mkubwa.

Ovaroli yangu ilirudi nyumbani nyeupe. Somoe aliikung'uta uani kwanza, kwa nguvu, kwa kuwa vumbi lile lilichafua maji ya kufulia. Alifanya hivyo kila wiki kwa miaka zaidi ya ishirini.

Nilistaafu nikiwa na afya, tukarudi Nyangamara kwenye mikorosho yetu. Miaka mingine ikapita. Msimu mmoja, Somoe alianza kuhema wakati wa kuokota korosho. Akijaza ndoo moja, anakaa chini. Kisha yakaja maumivu ubavuni. Hospitali walidhani ni kifua kikuu, akanywa dawa mpaka akamaliza, asipone. Kifua kikajaa maji. Yakitolewa kwa sindano anapata nafuu, halafu yanajaa tena. Ndipo tukapelekwa Dar es Salaam, wakakata kipande kidogo cha nyama kutoka ndani ya kifua ili wakipime.

Daktari bingwa aliyetupokea alikuwa binti wa umri wa mwanetu wa mwisho. Alituamkia shikamoo, tukaitikia marahaba. Alimwuliza Somoe kama amewahi kufanya kazi kiwandani au machimboni. Somoe akamwambia yeye ni mkulima tu. Binti yule akanigeukia, akataka kujua kazi yangu. Nilimweleza yote, boila na mabomba, na nadhani nilieleza kwa majivuno kidogo. Aliandika, kisha kalamu yake ikasimama.

"Nguo zako za kazi, baba, alikuwa anafua nani?"

Somoe ndiye aliyesema, "Mimi."

Alitueleza polepole. Ugonjwa unaitwa mesothelioma, saratani ya utando mwembamba unaofunika mapafu. Asbesto ikivunjika hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana, jicho halizioni. Mtu akizivuta, nyingine hukwama ndani, na mwili hauna njia ya kuziyeyusha. Zinaweza kutulia humo miaka thelathini, arobaini au zaidi, ndipo ugonjwa uanze. Hauambukizi. Wengi waliovuta vumbi lile hawaupati, na baadhi waliovuta kidogo wanaupata. Kwa hatua aliyofikia Somoe, wangeweza kumpunguzia maumivu na kumrahisishia pumzi, lakini hawangeweza kuuondoa.

Nilihesabu moyoni. Watoto wetu watano walizaliwa, wakasoma, wakaoa na kuolewa. Tulizika wazazi, tukajenga nyumba, mikorosho ikakua mpaka ikazeeka. Muda wote huo nyuzi zile zisizoonekana zilikuwa kifuani mwa mke wangu, wala hazikumletea hata kikohozi. Nimefanya kazi na mvuke unaoweza kupasua chuma, lakini sijakutana na kitu kilichonitisha kama subira ile.

Pale kwenye benchi la nje nilimwomba Somoe radhi. Alichukua muda kupata pumzi.

"Usiniombe radhi kwa jambo ambalo hukulijua," alisema. "Lakini kuna wake wengine waliofua. Waambie."

Basi nikaanza kuwatafuta wenzangu mmoja mmoja, na wajane wao. Kijijini kwetu walipotaka kubomoa paa la ghala la shule, lililoezekwa kwa vigae vya kijivu vya saruji yenye asbesto, nilikwenda kwa mwenyekiti nikamsihi asubiri mpaka Bwana Afya wa wilaya aje kusimamia. Vigae vililoweshwa maji, vikashushwa vizima bila kupigwa nyundo, vikafungwa kwenye nailoni nene, vikazikwa alipoelekeza. Vijana walininung'unikia kwa kuwachelewesha. Somoe alitaka nimsimulie kila hatua, naye akatabasamu.

Alifariki kabla ya msimu uliofuata wa korosho, mchana, akiwa ameegemea bega langu kwa sababu kulala chali kulikuwa kumemshinda.

Mimi mwenyewe nimepigwa picha ya kifua mara tatu. Ni safi. Niliyekoroga unga ule kwa mikono nipo, na aliyekung'uta ovaroli hayupo. Nimemwuliza Mwenyezi Mungu katika sala zangu zote, na sina jibu la kuwapa nyinyi mnaosoma. Najua tu kwamba tulijenga vitu vya maana huku hatujui tulichokuwa tumekishika.

Mwaka huu mwanamke mmoja wa Kikole alinipigia simu. Mumewe, tuliyekata naye mabomba Kilwa, alikuwa anahema, na hospitali walikuwa wameanza kumshuku kuwa na kifua kikuu. Nilipanda basi, nikaenda nao hospitali. Tabibu kijana alikuwa ameshaanza kuandika cheti cha dawa. Nikamwambia, kabla hajauliza lolote, kwamba mgonjwa huyu alikata mabomba ya asbesto kwa msumeno miaka tisa, na kwamba nguo zake alizifua huyu mama aliyeketi hapa.

Tabibu aliacha kuandika, akanitazama, kisha akavuta karatasi nyingine.

"Rudia, babu," alisema. "Taratibu, niandike yote."

Nikamwanzia mwanzo.