Faili Nilizofuta, Lawama Nikamwachia Mama Mwende

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo kila ikinijia natamani ingekuwa ya mtu mwingine. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani wa shule moja ya sekondari karibu na Kikima. Cheti changu cha kompyuta kilikuwa kipya, na kichwa changu kikubwa kuliko hicho cheti. Shule nzima ilikuwa na kompyuta moja, na aliyeruhusiwa kuigusa ni mimi. Walimu waliniita "Daktari", nami niliitika bila haya.

Alasiri hiyo mashine ilikuwa inajikokota, imejaa. Nikakuta folda yenye mamia ya faili, majina yake herufi na nambari zisizoeleweka. Sikuziandika mimi, wala mwalimu yeyote. Nikajiambia, kisicho na mwenyewe ni takataka. Kompyuta ikauliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, nikabonyeza tena, kisha nikamwaga hata lile pipa la taka lililomo ndani yake. Usilolijua ni usiku wa giza, lakini mimi nilijiona nimebeba taa.

Asubuhi yake kompyuta ilionyesha weusi mtupu na mstari mmoja wa maandishi, ikisema kuna kitu hakipo. Humo ndani mlikuwa na orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne, iliyotakiwa wiki ileile. Mwalimu mkuu akasimama mlangoni. "Ndanu, nani ameharibu hii?"

Ningesema tu, mwanangu. Badala yake nikatazama ndoo iliyokuwa pembeni, nikajibu, "Labda ni maji. Mama Mwende hupanguza meza na kitambaa kimelowa."

Mama Mwende ndiye aliyesafisha ofisi, mjane wa rika la mama yangu. Hakubishana. Alisema, "Mwalimu, mimi sijui kusoma hiyo mashine. Lakini kukamua kitambaa najua." Akaambiwa aende nyumbani hadi aitwe. Alipita mbele yangu, nami nikajifanya napanga karatasi.

Fundi alifika siku ya tatu kutoka Sultan Hamud. Kwa sababu ya uongo wangu alifungua mashine yote akitafuta maji, akashinda nayo hadi saa nane mchana. Kisha akanigeukia. "Dada, hii kitu iko kavu kabisa. Niambie ukweli, ulifuta nini?"

Njia ya mwongo ni fupi. Nilimwambia huku nikilia, mwalimu mkuu akisikia. Fundi akaweka sidii ya programu za kompyuta, akarudisha zile faili, kumbe ndizo zinazoiendesha mashine, na kabla chai yake haijapoa kompyuta ikawaka, orodha ikiwa salama. "Ungesema siku ya kwanza," alisema, "singefungua hata skrubu moja."

Nikatumwa kumwita Mama Mwende. Sikumkuta. Sokoni na kanisani watu walishaanza kumsema kwamba ameua kompyuta ya shule, naye akahamia kwa binti yake, kule Kanyangi. Nikamfuata huko. Akanipa kiti na maji ya kunywa, akanisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini sirudi. Kompyuta mmetengeneza. Sasa wewe utapitia kila mtu Kikima umwambie haikuwa mimi?"

Nilijaribu. Jumapili nilisimama kanisani nikasema ni mimi. Waliokuwepo walisikia. Juzi tu, harusini Kikima, mzee mmoja alinisimulia akicheka habari za mama aliyeosha kompyuta ya shule na maji. Mama Mwende tulishamzika. Nilimwambia yule mzee ukweli, na chakula kikanishinda.

Kwa hivyo nisikilize, mwanangu. Faili usiyoijua iache ilipo, uulize. Kuuliza si ujinga. Ukifuta kwa bahati mbaya, usiendelee kubonyezabonyeza. Angalia kwanza kama bado imo kwenye pipa la taka, na usipoiona, mwite anayejua umweleze kila ulichogusa, hata kile kinachokuaibisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa la kompyuta mimi lilinigharimu siku moja ya fundi. Lile la kumsingizia mtu bado nalirekebisha, na nywele zimekuwa nyeupe.

Mungu akujalie mikono yenye subira, mwanangu, na siku utakapokosea akupe nguvu ya kusema "ni mimi" kabla mwingine hajafunganya vitu vyake.