Uongo nilioutoa airport ya Muscat kuhusu kanda tano za rock ya Iowa

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa, na pale nilipokosea ntasema nimekosea.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nimemaliza masomo Iowa, katikati ya Marekani, kule mashamba ya mahindi hayana mwisho. Narudi nyumbani Muscat, na kazi ya maabara chuoni Al Khoudh inanisubiri. Imebaki kusaini tu.

Kwenye begi nna kanda tano za bendi ya rafiki yangu Dale.

Dale mchana alikuwa akikata nyama kiwandani, jioni anapiga gitaa. Rock tunayoijua wengi ni ile ya kwenye TV, nywele na moshi. Hii siyo. Hii ya mji mdogo, wanaimba habari za kiwanda, za wakulima waliopoteza mashamba, za watu kugoma mpaka wasikilizwe.

Mwalimu mmoja wa pale aligombea ubunge wa jimbo kuwatetea wafanyakazi. Bendi ikapiga mikutano yake yote. Mimi nikibeba spika. (Mtu wa Muscat kwenye kampeni za Wamarekani, msinicheke.)

Basi nikafika airport. Ofisa akazitoa kanda, akaniuliza kwa Kiarabu, "Nyimbo za nini hizi?"

Swali jepesi kabisa. Lakini macho yangu yakaangukia jalada moja: ngumi juu, na maneno ya mgomo. Nikahofia ntaonekana nimeingiza siasa.

Nikasema, "Za mapenzi."

Akaitazama ile ngumi. Akanitazama mimi. Akanipa karatasi: zitasikilizwa kwanza, nirudi Jumamosi.

Wakuu, siku tatu chakula hakipiti. Nilishaiona kazi inaota mbawa.

Ikabidi nimwambie Baba, nyumbani kwetu Bawshar. Baba alitoka Unguja kijana, baada ya kaka yake kuchukuliwa kwa maneno aliyosema barazani. Kaka huyo hakurudi tena. Tokea hapo, kwetu neno siasa halitajwi.

Nikajua leo ntakiona. Akauliza, "Zina matusi?"

"Hazina, Baba."

"Zinamsema mtu wa hapa?"

"Hapana. Mambo ya kwao huko huko."

"Basi baya hapo ni hilo ulilosema wewe. Jumamosi ntakupeleka mwenyewe, ukaseme kweli."

Akainuka, kahawa yake akaiacha pale pale.

Jumamosi nikamkuta mama mmoja ofisini, redio ya kanda mezani kwake. Alipolisikia jina langu akaacha Kiarabu, akanisemesha Kiswahili cha Unguja.

"Wewe wa nani?"

Nikamtajia ukoo. "Haya, kaa."

Kabla hajauliza kitu nikamwambia, "Bibi, nilisema uongo. Si za mapenzi. Ni za wafanyakazi wa kiwanda wanadai haki yao. Niliogopa."

Akavua miwani. "Nnajua. Nimezisikiliza zote. Mapenzi gani hayo ya visu na mashine?"

Akavuta karatasi yake.

"Ila kuna neno huyu muimbaji analirudia sana, 'scab'. Si kigaga cha kidonda hicho?"

Nikamweleza: ni yule anayeingia kazini wenzake wakiwa wamegoma.

"Aa, msaliti." Akaliandika pembeni, akagonga muhuri, akanisogezea kanda. "Ungesema kweli siku ile, ungeondoka nazo. Sisi tunatafuta mambo mengine kabisa."

Nilitoka miguu myepesi kama si yangu. Baba yumo garini, tasbihi mkononi. Alipouona mfuko wa kanda akainamia usukani, "Alhamdulillah, alhamdulillah," akajipangusa uso kwa mkono wa kanzu.

Kisha akasema, "Twende Ruwi tukale." Kumbe na yeye siku tatu hajala. Alimaliza sahani mbili za biriani, na mimi yangu akaidokoa.

Wiki ile ile nikasaini kazi.

Nilichojifunza: kitu kisicho na neno nilikitia neno mimi, kwa woga. Na woga wenyewe niliurithi. Baba, aliyekuwa na sababu ya kweli ya kuogopa, ndiye aliyenipeleka kusema ukweli.

Haya, kuna mwengine humu aliyejiponza kwa ulimi wake mpakani au airport? Semeni, nisichekwe peke yangu.