Lukresia na "Ga" ya Rwamugere

Ukifika Rwamugere, ukiwa umetoka Bunda kwa njia ya kwenda Butiama, usiulize kwa Lukresia tu. Akina Lukresia ni wengi huku. Sema unamtafuta Lukresia wa "ga", na hata mtu anayechunga ng'ombe atakunyooshea fimbo: lile boma pale, lenye pamba imeanikwa kwenye turubai.

Jina hilo alilipata hivi.

Lukresia ni mkulima wa pamba, mke wa Faustine, na mjumbe wa kamati ya shule. Anapenda kujisifu kidogo, nami simlaumu, maana anavyojisifia vinaonekana kwa macho. Atakuonyesha darasa jipya la shule ya msingi akwambie, "Mchanga wa pale umepita juu ya kichwa hiki." Atakupeleka zahanati akuonyeshe chumba cha kujifungulia kilichoongezwa ubavuni. Kilijengwa kwa msaragambo, kijiji kizima kikitoka pamoja: wanaume wanafyatua tofali, wanawake wanachota maji. Siku bati la mwisho lilipopigwa misumari, Lukresia alipiga kigelegele mpaka mbwa wakakimbia.

Chumba kikapakwa rangi, kitanda kikaletwa kikiwa bado na nailoni yake. Halafu mlango ukafungwa kufuli. Mkunga hakuwepo. Zahanati ilikuwa na mganga mmoja, Twalib, kijana wa Mukendo kule Musoma mjini, mchapakazi kweli. Lakini malaria ni yake, vidonda ni vyake, chanjo ni zake. Mkunga aliazimwa kutoka kituo kingine, akaja, akaondoka. Kwa hiyo mama akishikwa na uchungu, anapandishwa pikipiki kwenda Bunda.

Hivyo ndivyo alivyopandishwa Rebeka, mke wa Masatu, mtoto wa Lukresia anayefanya kazi machimboni Buhemba. Pikipiki haikuwahi hospitali. Mtoto alizaliwa Kabasa, mlangoni kwa duka la saruji na misumari, akina mama wasiojulikana wamezungusha vitenge kama ukuta. Alitoka mzima, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alibatizwa jina zuri tu, lakini hakuna anayelikumbuka. Anaitwa Kabasa, na Rebeka ndiye Mama Kabasa.

Sasa Rebeka akapata mimba ya pili.

"Mama," alimwambia mkwe wake wakichambua pamba, "huyu sitaki aitwe jina la duka."

"Hataitwa."

"Unajuaje?"

"Nimesema hataitwa. Kile chumba nimekichotea maji mwenyewe. Mjukuu wangu atazaliwa mle."

Alisema kifua mbele. Lakini kila akienda shamba alipita mbele ya lile kufuli, na kifua kilikuwa kinashuka. Tumbo la Rebeka halikuwa linangoja mtu.

Dawa ya kufuli lile Lukresia aliiokota shuleni, bila kuitafuta. Kamati ilikuwa inakaa, na Mwalimu Mkuu Edwin, mtu mpole mwenye vipindi vingi kuliko pumzi, alikuwa anaeleza maendeleo.

"Mwalimu," Lukresia akauliza, "hisabati darasa la saba wanasoma?"

"Wanasomaga, mama."

"Leo wamesoma?"

Mwalimu Edwin akacheka kicheko cha mtu aliyekamatwa na mama yake. "Leo? Leo hapana. Wala jana. Mwalimu wa hisabati alihama, mama. Nafundisha mimi nikipata nafasi."

"Basi hawasomi. Wanasomaga."

Kamati nzima ikaangua kicheko. Lakini barua ya kuomba mwalimu ilipoandikwa siku ile, iliandikwa bila "ga" hata moja, na Lukresia akarudi nyumbani akiwa anaigeuzageuza ile silabi mdomoni kama mbegu ya ubuyu.

Wewe unayenisoma, kama si mtu wa huku, nikueleze. "Ga" yetu ni ya adabu. Mgeni akikuuliza kama kitu fulani kipo, kumwambia hapana ni kama kumwondolea kiti. Kwa hiyo kitu kilichokuja mara moja, mwaka ule wa mvua nyingi, tunasema kinakujaga. Sisi kwa sisi tunaelewana. Ukisikia sauti inavuta mwishoni, unajua hapo hakuna kitu.

Basi akaja mgeni. Ni mama mmoja kutoka halmashauri, anaitwa Mwanaupe, mzaliwa wa Pangani, Kiswahili chake kimenyooka kama uzi wa fundi. Alikuja kuwasikiliza wananchi kuhusu afya. Mkutano ukafanyika kwenye lile darasa jipya, watu wazima wamejibana kwenye madawati, magoti yamegusa videvu. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Mwikwabe, shemeji yake Lukresia, akajibu kwa niaba ya wote.

"Mkunga mnaye?"

"Anakuwepoga, mheshimiwa."

"Alhamdulillahi. Na dawa za akina mama?"

"Zinakujaga."

"Na wanajifungulia hapa hapa?"

"Wanajifunguliaga."

Bi Mwanaupe akawa anatikisa kichwa kwa furaha, na furaha ile ndiyo iliyomshtua Lukresia. Akamtazama mgeni, akamtazama Mwikwabe, akaelewa. Huyu mama hasikii "ga" yetu! Anasikia mkunga yupo, dawa zipo, watoto wanazaliwa. Ataondoka ameridhika, na aliyekuja kabla yake labda aliondoka hivyo hivyo. Kufuli lile tumelifunga wenyewe, kwa adabu.

Akasimama. Dawati likamfuata, maana lilikuwa limembana kiunoni, na watu wakacheka kabla hajasema neno.

"Mheshimiwa, samahani. Naomba uulize upya, lakini uweke leo."

"Niweke leo vipi, mama yangu?"

"Muulize mwenyekiti: mkunga yupo leo?"

Kicheko kikakatika. Mzee Mwikwabe akageuka. "Shemeji, unatuaibisha mbele ya mgeni."

"Siwaaibishi, shemeji. Mgeni ametoka mbali. Tusimpe ga akarudi nayo mjini kwenye begi."

Nyuma mtu akadakia, "Na ga ya huku nzito, gari halitapanda kilima!" Darasa likalipuka, hata Twalib wa watu akaficha uso.

Lukresia hakucheka. Akamweleza mgeni yote kuhusu ile "ga", taratibu. Bi Mwanaupe akavua miwani.

"Kwetu tungesema mkunga huja," alisema. "Na mtu akiniambia huja, mimi najua anakuja."

"Ndiyo maana nimesimama."

Ndipo Rebeka naye akanyanyuka, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo. Hakuwahi kusema neno mkutanoni maisha yake yote.

"Mheshimiwa, huyu niliye naye humu hatakujaga. Atakuja. Ana siku yake."

Bi Mwanaupe akarudia maswali yake yote, kila moja likiwa na leo ndani yake. Mkunga yupo leo? Mzee Mwikwabe akavuta pumzi, akavua kofia kama yuko kanisani. "Leo hayupo. Chumba tumekijenga wenyewe, mheshimiwa, na kimefungwa." Akalisema lile la kujenga wenyewe kichwa juu, na watu wakampigia makofi.

"Sitawaahidi kitu," Bi Mwanaupe alisema wakati wa kuaga. "Nitakwenda kusema nilichokisikia, kama nilivyokisikia."

Wakangoja. Mwalimu wa hisabati akaripoti shuleni kwanza, Lukresia akafurahi nusu. Wanawake wakaisiriba upya nyumba ya mtumishi nyuma ya zahanati, ingawa hakuna mtumishi aliyekuwa amesikika. Masatu akapiga simu kutoka Buhemba kwamba ameshaongea na mtu wa pikipiki.

"Mwambie akae nayo," Lukresia akajibu, lakini simu ilipokatika akaenda mwenyewe kwa yule wa pikipiki kuhakikisha ana mafuta.

Tumbo la Rebeka lilikuwa limeshuka kabisa pale Ikhlas alipofika. Msichana mwembamba, hijabu ya bluu, godoro limefungwa kamba juu ya gari. Wanawake walimpokonya mizigo yote asibakiwe hata na mkoba. "Mkunga?" Lukresia alimuuliza. "Mkunga, mama." "Unakaa?" "Nakaa." Lukresia akageuka ukutani akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Uchungu ulimshika Rebeka shambani, jua likiwa utosini, mkoba wa pamba mabegani. Hakuna pikipiki iliyowashwa. Walitembea, mkwe na mkwe, wakisimama kila uchungu ulipobana, na kila aliyewaona njiani aliacha jembe akawafuata, hata wakafika zahanati kama msafara wa harusi. Ikhlas akawazuia wote mlangoni isipokuwa Lukresia. Nailoni ya kitanda ilishatolewa. Ndani ya chumba kile, penye harufu ya rangi bado, alizaliwa mtoto wa kiume, na wale wa nje walijua kwa kigelegele.

Jina halikuwa na ubishi. Babu wa Faustine, mume wa Lukresia, aliitwa Kwangu, na jina lilikuwa linasubiri mtu wa kulirithi.

"Wa kwanza Kabasa, wa pili Kwangu," Rebeka alisema akinywa uji. "Huyo alizaliwa mlangoni kwa watu. Huyu kazaliwa kwangu."

Kwangu alikuwa ameshaanza kukaa mwenyewe Bi Mwanaupe aliporudi. Safari hii mkutano ulikuwa mbele ya zahanati.

"Niambieni," aliuliza, "akina mama wanajifungulia hapa?"

Mzee Mwikwabe alimtazama shemeji yake, na kijiji chote kikafanya vile vile. Lukresia akamhamisha mjukuu kutoka paja hili hadi lile, akaivuta sauti kwa raha zake zote.

"Wanajifunguliagaaa."

Watu wakashikana mbavu. Bi Mwanaupe akangoja watulie, maana sasa alikuwa mwanafunzi aliyefuzu.

"Na leo?"

"Leo yuko mmoja, wa kutoka ng'ambo ya mto," Lukresia alisema. "Ingia ndani umpongeze. Ila piga hodi kwanza, mtoto ndiyo kalala."