Petroli ya Mzee Shabani

Kuna siku, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo nakosa raha. Nilikuwa bado kijana, miaka ya elfu mbili na kitu, nikifanya kazi hii unayoianza wewe: kupima gesi kwenye chemba za maji taka hapa Toronto. Mwenzangu Desmond, Mjamaika mcheshi, ndiye aliyekuwa akishuka. Mimi nabaki juu na kipima gesi, mpira wake wa kuvuta hewa umening'inia hadi chini.

Siku hiyo tulikuwa eneo la Mount Dennis. Tulipima kabla hajashuka, pakawa salama. Hajamaliza kazi, kipimo kikaanza kulia. Nikamwita, akapanda mbio, na nilipomshika mkono nikasikia harufu ya petroli. Mvuke wake ukijaa mle, cheche moja tu inatosha kulipua. Lakini kibaya zaidi, nilijua ilikotoka.

Mtaa wa juu palikuwa na gereji ya Mzee Shabani. Ndiye aliyenipokea nilipofika kutoka Tanga. Nililala kwake Crescent Town majira yote ya baridi, mkewe akinipikia kama bintiye. Wiki chache nyuma nilikuwa nimempelekea gari, nikamwona akimwaga petroli chafu ya kuoshea vyuma kwenye tundu la maji pale sakafuni. Nikanyamaza. Niliona haya kumfundisha mtu aliyenilea.

Wakaguzi walifuata bomba hadi kwake, gereji ikafungwa. Nilipokwenda kumpa pole, alikuwa akikusanya spana ndani ya ndoo. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikamweleza kwamba nilimwona siku ile, nikaogopa kumkosea adabu. Akatia spana nyingine ndooni, akasema, "Binti yangu, mimi sikujua lile tundu linapeleka wapi. Ungeniambia, ningeacha siku ileile."

Akahamia Calgary kwa mwanawe, akafia huko. Desmond alistaafu akiwa mzima, namshukuru Mungu. Lile la Mzee Shabani sikupata kulitengeneza.

Najua utanijibu kwa Kiingereza kwamba vipimo vya siku hizi ni bora zaidi. Sawa, mwanangu. Lakini kipimo hulia hatari ikishafika. Wewe ukiiona inaanza, sema, hata kama ni kwa mkubwa wako. Mwamkie, msogeze pembeni, umwambie kwa upole, siku hiyohiyo.

Haya, nenda. Mungu akulinde wewe na atakayeshuka, awarudishe nyote nyumbani mle chakula cha jioni na watu wenu.