Chumvi Iliyokwenda Jikoni kwa Mama Ngoie

Naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, Jumamosi ile bwana yangu alipochota chumvi ya nyumba yangu akaipeleka jikoni kwa mwanamke mwingine. Leo nacheka, lakini siku ile sikucheka. Keti hapa. Jana uliniambia umechoka kumngoja fundi wako wa umeme. Ulisema jiko lako jipya liko kwenye boksi wiki ya pili sasa, na kila akija anapima tu, na jirani yako alifungiwa lake kwa nusu saa. Sasa nataka kukujibu, na jibu langu ni refu kidogo, maana linapita mahali ambapo mimi mwenyewe sipendi kupita.

Tulikuwa tunakaa kwenye kambi ya wafanyakazi hapa hapa Likasi, miaka ile kampuni ya migodi ya serikali ilipokuwa baba na mama wa kila mtu. Kampuni ilitupa nyumba, unga, hospitali, hata umeme. Bwana yangu Kabwe alikuwa fundi wa umeme kiwandani. Mtu mpole, wa maneno machache, na mimi nilimpenda kwa wivu ambao naona haya kuueleza mbele ya mtoto. King'ora cha kutoka kazini kikilia, naye akachelewa dakika kumi, mimi nilikuwa nimeshamwoza wanawake watatu kichwani mwangu. Nilinusa mashati yake. Nilihesabu ni mara ngapi amemsalimu nani.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa Mama Ngoie. Mume wake alikuwa amehamishiwa Kakanda, akirudi mara moja kwa mwezi. Yule mama alikuwa na kifua kibaya. Akipika kwa makala, yaani makaa, kwenye mbabula yake, jiko la bati, moshi ulimkohoza mpaka anaegemea ukuta. Kwa hiyo mume wake akamletea resho, jiko la umeme la chuma lenye plaki mbili, akamwomba Kabwe amfungie. Wengine waliona kifua kibaya. Mimi niliona mwanamke wa maji ya kunde, mwenye kicheko kinachosikika nyumba tatu, na mume wake hayupo.

Jumamosi tuliiita siku ya posho. Asubuhi wote tulitoka kwa salongo, kazi ya lazima ya kufyeka majani na kufagia barabara, ambayo serikali ilitaka tuifanye tukiimba. Salongo ilipokwisha, Kabwe akachukua bisibisi zake. Mlangoni akanigeukia akasema, "Kuya basi, twende pamoya. Utaona vile banafungaka resho." Nikamwambia nina kazi. Alirudi jua linazama.

"Resho inapika?" nikamuuliza.

"Bado. Leo niliangalia tu. Waya ya mu ile nyumba ni ya taa, iko mwembamba. Haiwezi kubeba resho."

Mchana mzima, mwanangu, kuangalia tu. Usiniulize nilijiambia nini, unakijua.

Posho ya pili, yaani Jumamosi iliyofuata, akaniita tena, nikakataa tena. Siku hiyo alitoboa ukuta wa Mama Ngoie, akavuta waya mnene ndani ya bomba kutoka kwenye mita mpaka jikoni, waya wa resho peke yake, wenye swichi yake na fyuzi yake. Mambo hayo niliyajua baadaye. Nilichokijua siku ile ni kwamba alirudi na vumbi la chokaa kwenye nywele, na nilipomtengea bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, akanawa mikono, akamega tonge moja, akasema ameshiba. Mama Ngoie alikuwa amempikia maharage. Mwanamke akisikia mume wake ameshiba kwa jirani, chakula alichokipika yeye kinageuka kuwa matusi. Nilikimwaga kwa kuku, naye akiniangalia.

Posho ya tatu ndiyo ya chumvi. Wakati ule chumvi ilikuwa ya kupangia foleni, na mimi nilikuwa na bati moja nililolificha nyuma ya vyombo. Nikamkuta amelishika, na ndoo ya makala iko miguuni pake.

"Unapeleka wapi chumvi yangu?"

"Kwa Mama Ngoie. Njo ya kutia mu shimo," akajibu, akimaanisha ndiyo ya kutia shimoni.

"Shimo gani inakula chumvi?"

"Ya waya ya mu udongo," akasema, kwa upole ule ule ulioniudhi. "Kuya nawe uone. Hii njo kintu ya kwanza weye pia unapashwa kujua."

"Minye siwezi kwenda mu nyumba ya bantu benye kukula chumvi yangu."

Akatikisa kichwa, akaenda. Alirudi na matope mpaka kwenye viwiko. Sasa niambie, jiko gani linafungwa kwa matope? Wahenga wamesema kikulacho ki nguoni mwako, nami niliyatazama matope yale nikaona nimekwisha kuliwa.

Sikupiga kelele. Wivu mbaya ni ule usiopiga kelele, unaokaa kimya ukitafuta ushahidi. Nikawaza: kama nikionyesha kwamba resho inafungwa kwa saa moja, basi posho tatu za Kabwe zitakuwa zimejisema zenyewe. Kulikuwa na familia ya wageni iliyokuwa inafunga mizigo kurudi kwao. Niliwapa vitenge vyangu viwili vya sikukuu, nikapata resho yao kuukuu. Kisha nikatuma salamu Kambove kwa kaka yangu Ilunga.

Ilunga alikuwa dereva wa lori. Aliwahi kufungua redio yake ikakubali kuimba tena, na tangu hapo alijihesabu miongoni mwa mafundi. Alikuja Jumatano asubuhi, Kabwe akiwa kazini. Akakata waya wa taa ya jikoni, akaunganisha waya wa resho hapo hapo, karibu na chuma chenyewe, akazungushia utepe. Waya wa resho ulikuwa na nyuzi tatu ndani. Akaushika ule wa tatu, wa kijani na njano.

"Hii ya tatu ni ya nini?"

"Kata tu," nilimwambia.

Akaukata. Alisema hata redio inatosheka na mbili. Haikupita saa moja plaki zote zilikuwa nyekundu, nami nilicheza peke yangu pale jikoni. Ushahidi niliokuwa nautafuta, sasa nilikuwa nao.

Fyuzi ikaungua. Ilunga akacheka. Alitoa mfukoni kipande cha waya wa shaba, akasokota nyuzi kadhaa, akazipachika mahali pa fyuzi. "Ku Likasi hatuwezi kukosa shaba," akasema. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa huku, mwanangu. Shaba tumezaliwa juu yake, baba zetu wameichimba, tumeitia mapengo yote ya nyumba zetu, na hatufikirii kwamba fyuzi imewekwa ili ife kabla yetu. Ukitia shaba nene isiyoweza kufa, atakayekufa ni mwingine. Ilunga akanywa chai, akapanda lori lake akaenda.

Nikabandika maharage, plaki mbili, mpaka mchana. Ukuta ukapata joto. Kukawa na harufu kama ya kandambili inayoungua, nikasema ni harufu ya kitu kigeni ndani ya nyumba. Nikapiga deki sakafu ya saruji ing'ae, nikavua viatu nisiichafue, nikamwita Mama Ngoie.

Ndiyo, nilimwita mimi. Nilitaka aone. Nilitaka nimwambie hii imefungwa kwa saa moja, halafu nimtazame usoni.

Alisimama mlangoni. Hakusifu chochote. Akakunja pua, akasema, "Mama, kuko harufu mubaya humu. Bwana yako anajua hii kazi?" Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni: leo ni zamu yako kuona wivu. Nikanyoosha mkono kuisogeza sufuria ili aione vizuri ile plaki nyekundu.

Sitakueleza sana. Mkono ulishikwa. Sikuushika mimi, ulishikwa, na mwili wote ukawa mgumu, na sauti yangu ikabaki ndani. Miguu yangu ilikuwa kwenye maji. Macho yalikuwa yanaona. Niliona Mama Ngoie akinyoosha mikono kunikamata, halafu akairudisha. Kisha akanigeuzia mgongo, akakimbia nje.

Unajua nilichokiwaza? Mtu anayekufa angemwita Mungu. Mimi niliwaza: ameniacha nife, amchukue Kabwe.

Halafu nikaanguka. Umeme ulikuwa umekatika. Mama Ngoie alikuwa amekimbilia kwenye mita, ukutani nje, akashusha swichi kubwa. Alirudi akihema na kile kifua chake, akanivuta kutoka kwenye maji, akakilaza kichwa changu kwenye mapaja yake. Kiganja changu kilikuwa kimeungua mpaka kimekuwa cheupe.

Nilipoweza kusema, nilisema maneno ya kijinga. "Ulikimbia."

"Njo vile bwana yako alinifundisha," akasema. "Mutu akikamatwa na courant, usimuguse, mutakufwa babili. Kwanza kata ku compteur, ku mita. Posho ya tatu alinirudilisha ile maneno mpaka nikachoka. Alitaka weye pia usikie. Posho zote tatu alikuita, na ukakatala." Akanipepea kwa kanga yake. Halafu akasema polepole, "Minye nilijua juu ya nini ulikatala, mama. Mwanamuke hafichaki ile macho. Lakini wivu yako ingekuwa na akili, ingekuleta kwangu uone. Wivu yenye kubakia ku nyumba inajiambia bongo tu, uongo mutupu."

Nililia, na hakunizuia.

Kabwe aliporudi hakunigombeza. Aliifungua ile kazi ya Ilunga kipande kwa kipande, mimi nikiwa nimekaa na mkono uliofungwa. Akanionyesha waya wa taa ulivyochemka mpaka ngozi yake ikayeyuka, waya ukabaki uchi ukakigusa chuma cha resho. Akanionyesha shaba ya Ilunga, nzima, haina habari. Akauokota kutoka kwenye takataka ule waya wa tatu. Huo, akasema, unapelekwa kwenye nondo ya shaba iliyozikwa nyuma ya nyumba, ili umeme ukitoroka uende ardhini, na fyuzi iungue papo hapo kabla hujagusa kitu. Udongo ukikauka haupokei vizuri, ndiyo maana mafundi wa wakati ule walizungushia makala na chumvi na kumwagia maji. Ile nondo ya Mama Ngoie aliiomba karakana kwa karatasi yenye sahihi, kwa sababu walinzi wa geti hawakufanya mchezo na mtu anayetoka na shaba. Yote hayo alikuwa ameyafanya kwa ajili ya jirani, na aliniita mara tatu niyaone.

"Nilizania unakatala juu ya uvivu," akasema.

Ningeweza kumwambia ukweli pale. Nilitazama chini, nikasema ndiyo, ilikuwa uvivu.

Resho yangu aliifunga kwa posho nne. Nilikaa naye siku zote nne, nikimshikia bisibisi kwa mkono mzima.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Mwache fundi wako apime. Haraka haraka haina baraka, na kwenye umeme haina hata mazishi mazuri. Hakikisha jiko lako lina waya wake kutoka kwenye mita, mnene, usiogawana na taa. Liwe na swichi yake na fyuzi yake, na fyuzi ikiungua usitie waya, uliza kwanza kwa nini imeungua. Waya wa kijani na njano usikatwe hata kama kaka yako anajua redio. Jiko likae mbali na maji na mbali na pazia, na usiliguse bila viatu kwenye sakafu yenye maji. Jiko likiharibika au likimshika mtu, mwingine asiguse kitu kabla umeme haujazimwa. Ukinusa ngozi ya waya ikiungua, zima, ondoka, mwite anayejua. Na ujue mita iko wapi, uweze kuifikia hata umefumba macho.

Hilo ni la jiko. La moyo ni gumu zaidi, maana kwenye moyo fundi ni wewe mwenyewe. Ukimshuku mtu, nenda ukaone. Akikuita, itika. Usikae nyumbani ukikusanya ushahidi.

Kabwe tulimzika miaka mingi iliyopita, na mpaka anafumba macho hakujua nilimshuku na nani. Alijua nilikuwa mvivu. Mama Ngoie alijua yote. Alikula na Kabwe meza moja kwenye sikukuu zetu, akasimamia ubatizo wa mama yako, akazeeka nyumba ya pili kutoka kwetu, na hakuna siku aliyofungua mdomo. Mwanamke niliyemwonea wivu ndiye aliyenitunzia aibu yangu mpaka kaburini.

Mungu akupe nyumba yenye moto unaokutii. Akupe mume anayefanya kazi yake polepole, na jirani anayekimbia kwenda mahali panapotakiwa. Na mikono yako yote miwili, mwanangu, ifike uzee ikiwa mizima. Nenda ukampe fundi wako maji ya kunywa.