Muuguzi Aliyekaa Mlangoni

Nekoye alikuwa amehudumia wagonjwa wodini miaka ishirini na saba, na hakuna uchafu wa binadamu uliowahi kumfanya ageuze uso. Hata madaktari wachanga walimwogopa. Lakini mwaka ule wa 1996, alipotoka Kawangware kwenda Kibera kumuuguza Walubengo, mume wa bintiye Nasike, aliwekewa kigoda nje ya mlango akakikalia kama mgeni. Kwa Wabukusu, mama mkwe haingii alikolala mkwewe, wala hamgusi. Na nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja.

Walubengo, fundi wa mawe, alikuwa ametolewa kinyama kilichoota ndani ya utumbo mpana. Hakupasuliwa, daktari alipitisha mpira wenye taa kwa njia ya haja kubwa, akakikata kwa waya wa moto. Hatari iliyobaki ilikuwa kidonda kuvuja damu siku za baadaye. Basi kila asubuhi Nekoye aliuliza kupitia pazia, Nasike akawa mjumbe.

"Muulize choo kilikuwa rangi gani."

"Anasema ni kawaida, Mama."

Kawaida! Mwanamume gani wa Kibukusu angemsimulia mama mkwe habari za choo chake? Nekoye alilijua hilo vizuri sana, na bado akalipokea jibu siku sita mfululizo, akamshukuru Mungu, akanywa uji wake.

Siku ya saba Nasike alitoka na kikombe kilichojaa. "Leo amekataa uji. Anasema akisimama anaona giza. Nimemnunulia tu aspirini za kichwa hapo kioski, kama jana na juzi."

"Aspirini? Hiyo inazuia damu kuganda, Nasike."

Akainuka. Pazia lilikuwa hatua moja tu mbele yake, na miguu ikagoma. Alishikwa na hasira, na aliyemkasirikia ni yeye mwenyewe. Akalisukuma, akaingia.

Walubengo alijifunika blanketi hadi usoni. "Mama, tafadhali, toka."

"Nitatoka na wewe, twende hospitali. Lete mkono."

Mkono ulikuwa baridi, umelowa jasho, na mshipa ulikwenda mbio kwa unyonge. Nekoye akainama. Chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa simiti, alikuta suruali tatu zimekunjwa vizuri, zote zimelowa damu.

"Tangu lini?"

"Juzi," alijibu ndani ya blanketi. "Hata Nasike sikumwambia. Angekuambia."

Majirani walimbeba hadi Barabara ya Ngong, wakapata gari. Hospitalini daktari alirudisha ule mpira, akakichoma kidonda hadi kikaacha kuvuja, na Walubengo akaongezwa chupa mbili za damu. Jioni walisema ataishi.

Nesi mmoja msichana akaja na faili. "Nani alikuwa anamwangalia nyumbani?"

"Ni mimi," Nekoye alisema. "Mimi pia ni nesi."

Msichana akaacha kuandika. "Na siku mbili zote hukuona damu?"

"Nilikuwa nimekaa mlangoni."