Otilia na skana ya kumwonyesha mama

Saa mbili asubuhi, baridi ya Julai imeibana Mbinga mjini kiasi kwamba hata majogoo wanawika kwa ufupi. Otilia Hyera, mpigapicha mwenye miaka 55, anafuta kioo cha skana yake kwa kipande cha shuka laini, polepole, kama padri anayefuta kalisi.

Mlango unafunguliwa. Mwanamume mwenye koti zito anaingia na kuvua kofia. Otilia hamwulizi shida yake.

"Pole sana," anamwambia. "Ni nani?"

"Baba," anajibu mgeni, Victor, mkulima wa kahawa kutoka Mkumbi. "Tunazika kesho. Shikamoo, mama. Nimesahau hata salamu."

"Marahaba, baba. Umeleta picha gani?"

Victor anatoa picha ya harusi iliyokunjwa mara mbili. Marehemu yumo katikati, amebanwa na wanaume wanne.

"Mtoe hapo kati ya shemeji zake," anasema. "Hata akiwa hai hakupenda kusimama nao."

Otilia anailaza picha kifudifudi kwenye kioo na kufunga mfuniko. Taa inapita. Victor anatoka kwenda kutafuta sanda, na nyuma yake mzee anaanza kutenganishwa na shemeji zake, kazi iliyowashinda wazee wa ukoo maisha yake yote.

Hii ndiyo kazi iliyobaki. Zamani walikuja watoto wa kipaimara, wahitimu wa kidato cha nne waliovaa miwani ya kuazima, na maharusi. Simu zimewachukua wote hao. Kilichobaki ni picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza, maana wazee wengi wamo kwenye karatasi tu.

"Kwa wiki napata wateja watano au sita, na wote wamefiwa," anasema Otilia. "Mtu mwenye furaha hana shida na mimi."

Mambo yamefika mahali ambapo kuonekana mlangoni pake ni tangazo. Winifrida, anayeuza mandazi ng'ambo ya barabara, humletea chai mpaka kizingitini, haingii.

"Siku moja niliingia nikakaa naye," anasimulia Winifrida. "Kutoka, namkuta dada yangu ameshafunga kanga kiunoni analia. Nikamwambia nyamaza, nilifuata kikombe."

Otilia hucheka akikisikia kisa hicho. Kisha hunywa chai yake peke yake. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita. Binti yao anafanya kazi Dodoma na hupiga simu Jumapili, mtandao ukiridhia.

Chini ya meza yake kuna sanduku la bati. Mwaka jana Pankras, katekista wa Ngumbo kule ziwani, alilikuta kwenye sakristia, chumba cha mavazi ya padri, alipokuwa akifanya usafi. Limejaa slaidi, zile picha ndogo za filamu angavu zilizobanwa kwenye fremu za karatasi ngumu, zilizoachwa na bruda mmoja wa kizungu. Akamkabidhi Otilia, mzaliwa wa huko.

"Chukua, mama," alimwambia. "Humu mende wameshafungua kigango chao."

Otilia alikuwa na sababu ya kulipokea. Mama yake, Beata, alifariki yeye akiwa hajajua kusema, na hakuacha picha hata moja.

"Nusu ya maisha yangu nimewakuzia watu picha za wazazi wao," anasema. "Wangu simjui sura. Nikijitazama kwenye kioo najiuliza, hiki kidevu ni cha nani?"

Akiziinua slaidi moja moja dirishani, alikuta ya wanawake wanaopika siku ya kubariki kanisa. Ndugu walimwambia tangu zamani kwamba mama yake alipika siku ile. Mwanamke mmoja ameshika mwiko na kuitazama kamera. Uso wake ni punje ya ulezi.

Mtu mmoja tu aliyebaki angeweza kumtambua: Emerensiana, dada mkubwa wa Beata, mwenye miaka 84, anayeishi Ngumbo. Macho yake yanafifia. Picha ilipaswa iwe kubwa, na ilipaswa iwahi.

Otilia aliilaza slaidi kwenye skana yake ya zamani. Ikatoka nyeusi tii. Skana ya kawaida humulika karatasi kutoka chini na kusoma mwanga unaorudi. Slaidi haiurudishi mwanga, huupitisha. Akajaribu kuipiga kwa kamera mbele ya dirisha. Ugali ulionekana vizuri, uso ukabaki moshi.

Ndipo akaanza kutafuta mashine. Mpya, yenye taa mfunikoni, aliambiwa inazidi shilingi milioni moja na nusu. Kulikuwa pia na kisanduku kidogo cha slaidi, cha bei nafuu, lakini uso ukikuzwa uligeuka viraka, na picha za karatasi, zinazomlisha kila siku, hakikuzisoma kabisa.

"Watu huanza na bei," anasema. "Mimi niliuliza kwanza, mfuniko una taa? Halafu, inasoma nukta ngapi kwa inchi? Bei niliuliza mwisho, nikiwa nimeshika ukuta."

Songea alipata iliyotumika: mfuniko una ufa, kioo hakina mkwaruzo, laki nne. Ili ainunue aliuza kochi jekundu la maharusi, ambalo kwa miaka ishirini lilikaliwa na wapendanao wa wilaya nzima, wakiwemo walioachana.

"Halikuwa na mtu wa kulikalia," anasema. Siku hizi mteja hukalia kigoda.

Mwezi Juni alishuka Ngumbo na picha yenye ukubwa wa gazeti. Emerensiana aliisogeza kwenye mwanga wa mlango mpaka ikagusa pua.

"Sura ni yake," alisema. Akaitazama tena. "Lakini si yeye."

"Kwa nini, mama mkubwa?"

"Huyu anasonga kwa mkono wa kulia. Beata alikuwa mashoto. Bibi yako aliuchapa mkono ule mpaka akachoka yeye. Mrudishe huyu kwa wenyewe, mwanangu."

Otilia alirudi Mbinga na picha imeviringishwa ndani ya kanga. Hakumwambia mtu. Wa kumwambia alikuwa kizingitini, ameshika chai, hataki kuingia.

Jumanne wiki hii aliifungua kwenye kompyuta ili aisafishe kabla ya kuihifadhi. Kwenye pindo la kanga ya yule mwanamke kulikuwa na madoa aliyodhani ni ukungu wa filamu. Akaanza kuyafuta. Doa la tatu lilikuwa herufi K, imetazama nyuma.

Alichukua kioo kidogo ambacho maharusi walikitumia kurekebisha shela, akakisimamisha mbele ya skrini. Ndani ya kioo neno likasimama sawasawa: HAMCHOKI.

"Nilikaa chini," anasema. "Miaka yote nimelaza picha za karatasi kifudifudi, mkono umezoea. Na slaidi nikailaza hivyo hivyo, upande niliodhani ni uso. Kumbe slaidi hukubali popote unapoilaza. Watu wote wamo, ila kulia kwao kumehamia kushoto."

Akaipindua. Taa ikapita. Mwiko ukarudi mkono wa kushoto.

Kesho Jumamosi anashuka tena Ngumbo. Juzi Pankras alimwambia kwa simu kwamba Emerensiana sasa huwatambua watu kwa sauti, na Otilia hajalala vizuri tangu asikie. Picha hajaitundika. Hataki kuitundika mpaka mama mkubwa aseme.

"Akishindwa kuona, nitamshika kidole nimwonyeshe mkono ulipo," anasema. "Halafu nitazikuza slaidi zote za sanduku hili, kila mtu aje amtafute wake. Nataka watu waingie humu bila kufiwa."

Victor anarudi kuchukua picha ya baba yake. Anaitazama, anaitikia kwa kichwa, ameridhika: mzee yuko peke yake, anapumua. Kisha anaiona nyingine mezani, ya mwanamke mwenye mwiko. Anavua tena kofia.

"Pole, mama. Na wewe umefiwa?"

Otilia anapuliza vumbi juu ya kidevu cha yule mwanamke.

"Hapana, baba," anasema. "Huyu ndiyo kwanza amefika."